Nimenoa

Mkanda wa msasa unakimbia kama mbwa aliyeona sungura,
na mimi, Etelvina, miaka sitini na miwili,
nimeinama mbele yake na kipande cha springi
nilichokikata kwenye lori langu mwenyewe.

Springi ya nyuma, upande wa kushoto.
Miaka thelathini na mmoja ilibeba maziwa ya bonde zima
hadi kiwanda kilipotuandikia barua
ya mistari minne,
mmoja ukiwa na kosa la tahajia.

Delmiro aliniuzia mashine, akaongeza onyo bure:
usivae glavu. Kidole ndicho kipimajoto.
Kikilia, chovya majini.
Sikumwelewa mpaka jioni ile
ukingo ulipogeuka rangi ya majani makavu,
kisha zambarau,
kisha buluu, buluu nzuri
kuliko anga lolote tulilowahi kupewa Oktoba huku Asturias,
nikamwita aje aone.
Akaja. Akavua kofia kama aliyefika matangani.
"Hapo," akasema, "chuma kimekufa."

Nimenoa, nikasema.
Na kweli nilikuwa nimenoa.

Bati la maziwa lililo pembeni
sasa ni kaburi la pamoja. Ukilitikisa, yanalia yote:
lililopinda kwenye mafuta,
lililochongwa likawa jembamba kama ahadi,
lile la buluu,
na moja nililolirusha ukutani, hilo nisiulizwe.

Leo nimechora mistari miwili kwenye ukingo kwa ncha ya keekee,
nafasi kati yake haizidi unene wa kadi.
Kati ya hiyo miwili ndiko makali yatakapozaliwa,
si juu, si chini.
Upande wa kulia unatii:
mteremko mmoja, kutoka mgongoni hadi mstarini,
mwanga wa taa unateleza juu yake bila kujikwaa.
Nageuza.
Mkono wa kushoto unapokea zamu
na papo hapo bapa linakuwa ngazi,
kishimo hapa, kigongo pale,
na karibu na mpini pameliwa
kama jibini lililolala na panya.

Mkono huu nimeutukana
kwa maneno niliyokuwa nimewawekea ng'ombe wa Celso
waliopenda kulala katikati ya barabara.
Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, wanasema.
Koleo langu ni zima kabisa.
Aliyekaa sakafuni, unga wa chuma puani, ni mimi.

Na nikiwa pale chini nikautazama.
Lakini si wewe
uliyeshika usukani?
Wa kulia ulikuwa na gia, na sigara,
na kuwapungia watu.
Kwenye kona ya Ouría, barafu chini ya matairi,
lita elfu nne zikisukasuka nyuma yangu,
wewe ndiwe uliyenirudisha nyumbani.
Wala hukutumia kiganja. Ulitumia bega,
na bega likatumia kiuno,
na kiuno kikaegemea kona kama mtu anayeegemea jirani kanisani,
taratibu, ili asimwamshe.

Nikasimama. Viwiko nikavibana mbavuni.
Mkono sikuusogeza. Nilisogea mimi,
uzito ukitoka mguu huu kwenda ule,
nikiwa nimezuia pumzi bila kujua.
Cheche zikatoka kwa mstari mmoja.
Kidole kikalia. Nikachovya. Tena.
Tena.

Si kisu kizuri.
Mpini wa mtufaha umeninenepea mkononi,
na ukikata jibini, vipande vinakwenda kushoto,
vinene juu, vyembamba chini.
Delmiro alikula vinne bila neno.
Kisha akaupitisha ukingo juu ya ukucha wake, pale dirishani,
akaupitisha tena,
akauliza kama ile springi ya kulia
bado ipo kwenye lori.